Nesi mmoja, wodi nzima: maswali yenu kuhusu uuguzi

Barua za mwezi huu karibu zote zinagusa jambo moja, wagonjwa wengi na mikono michache. Nimechagua tano.

Baba alivunjika mguu tukamkimbiza jengo la dharura, Mbeya mjini. Tulitangulia kufika, lakini mama aliyekuja nyuma yetu, tena akitembea mwenyewe, akaingizwa kwanza. Hiyo ni haki? (Msomaji, Uyole)

Poleni sana, mpeni baba shikamoo yangu. Dharura haifuati nani kafika wa kwanza. Nesi wa pale mlangoni anapima presha, mapigo ya moyo, upumuaji, joto na fahamu, kisha anamweka mgonjwa kwenye nyekundu, njano au kijani. Mfupa uliovunjika unauma vibaya mno, lakini mtu anayetembea huku kifua kinambana na jasho la baridi linamtoka anaweza kuanguka muda wowote.

Mna haki ya kudai mambo mawili mkiwa mnasubiri: baba apewe dawa ya maumivu, na apimwe tena. Vidole vya mguu vikipoa, vikipauka au vikifa ganzi, mwiteni nesi hapohapo, maana huenda damu haifiki. Hapo si mgonjwa yuleyule aliyepimwa mlangoni.

Shikamoo sista. Nina mwaka wa pili kazini, mkoa wa Iringa. Zamu ya usiku nabaki peke yangu na wodi nzima. Kuna usiku naomba tu kukuche. Nifanyeje? (Nesi kijana)

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara kadhaa.

Wodi ikizidiwa, sindano itachomwa na dripu itabadilishwa, kwa sababu zinaonekana na asubuhi zitaulizwa. Kinachoachwa ni kile kisichopigiwa kelele: kumgeuza asiyejiweza, kumnywesha maji, kuhesabu pumzi. Nimeshika karatasi za vipimo ambazo wagonjwa wote wa wodi wanapumua mara 20 kwa dakika, kuanzia kitanda cha kwanza hadi cha mwisho. Hakuna wodi ya namna hiyo duniani. Aliyeandika hakuwa mvivu, alikuwa peke yake. Lakini upumuaji mara nyingi ndio unaobadilika mapema mgonjwa anapoanza kuharibika, na ukiandika 20 ya kubuni umejifumba macho.

Kwa hiyo, usikabidhiwe zamu mezani. Tembeeni kitanda kwa kitanda na anayetoka, umwone kila mgonjwa. Walio hoi wasogezwe karibu na meza yako. Hao wahesabie pumzi dakika nzima, saa mkononi, hata kama wengine watachelewa kidogo. Insulini, morfini na potasiamu usizipe kwa kukumbuka kichwani. Soma karatasi upya, na kama kuna mwenzako wodi ya jirani, muombe asome na yeye. Mgonjwa wa pili akizidiwa wakati wa kwanza bado yuko mikononi mwako, mpigie msimamizi wa zamu bila kuona haya. Asubuhi andika kwenye ripoti ambacho hakikufanyika, saa ngapi, na ulikuwa na wagonjwa wangapi. Zamu isiyoandikwa haimsaidii mfawidhi anapokwenda kuomba watumishi.

Wala usijione dhaifu. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake katika nchi 9 za Ulaya, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa nesi mmoja anaendana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa waliofanyiwa upasuaji kufariki ndani ya siku 30. Jimbo la California lina kikomo cha kisheria tangu 2004: dharura nesi mmoja kwa wagonjwa 4, wagonjwa mahututi kwa 2. Sisi tuna ikama, yaani idadi ya watumishi iliyopangwa kwa kila kituo, na sehemu nyingi haijajazwa. Naiandika hapa kwa sababu wanaopanga ajira nao wanasoma.

Mama amepata kiharusi, yuko nyumbani Makete. Tunamuuguza wawili. Baridi ni kali na ameanza kubabuka mgongoni. (Binti yake)

Pole dada. Mgeuzeni kila baada ya saa 2, mchana na usiku: ubavu wa kushoto, kisha ubavu wa kulia. Mnyanyueni kwa shuka mkiwa wawili, msimburute, maana kuburuta ndiko kunakochuna ngozi. Kila mnapomgeuza angalieni juu ya makalio, nyonga, visigino na viwiko. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo gusa: penye joto au pagumu kuliko pembeni ndipo kidonda kinapoanzia. Pasisuguliwe, na msimwekee kata ya nguo chini, inabana damu pembeni. Hapo palipokwisha kubabuka apaone nesi wa zahanati wiki hii hii.

Baridi ya huko naijua. Chupa ya maji ya moto isigusane na upande uliopooza. Hausikii moto, ataungua kimyakimya. Jiko la mkaa lisilale naye chumbani kabisa, moshi wake usioonekana unaua. Blanketi, soksi na kofia vinatosha.

Uji anyweshwe ameketi, abaki ameketi nusu saa. Na ninyi wawili gawaneni usiku, mmoja alale kweli.

Kwa nini ndugu tunatolewa wodini? (Msomaji, Mafinga)

Kwa ajili ya maambukizi na nafasi. Lakini kama mgonjwa wako hawezi kula au kujigeuza, mweleze kiongozi wa wodi. Ndugu mmoja aliyeelekezwa vizuri ni msaada mkubwa.

Ajali ikitokea Mlima Nyoka, majeruhi atatibiwa bila PF3? (Dereva)

Anatibiwa kwanza, PF3, ile fomu ya polisi, inafuata. Msimvute kwa mikono na miguu. Shikilieni kichwa na shingo vinyooke na mwili, na penye damu kandamizeni kwa kitambaa safi bila kuachia. Kisha mmoja wenu apige simu hospitali kabla gari halijaondoka, aseme majeruhi wangapi na wangapi hawaitiki. Nesi akijua mapema ataita wenzake kutoka wodi nyingine na oksijeni itakuwa tayari mlangoni.