Fluoksetini wiki ya tatu, mawazo bado yanazunguka: usiiache kwanza

Mdogo wangu, umesema umeandikiwa fluoksetini ya miligramu 20 kwa ajili ya OCD, ugonjwa wa mawazo na vitendo vinavyojirudia bila mtu kutaka, una wiki tatu, na yale maneno ya kukufuru bado yanakujia ukiwa kwenye swala. Unauliza kama uiache utafute dawa nyingine. Swali lako limenikosesha usingizi jana kwa sababu na mimi nilifika hapo hapo, nikaacha wiki ya nne. Nikapoteza mwaka mzima.

Yangu yalianza 2015, nyumbani Tanga, nina miaka 23. Yalianza na udhu. Natawadha, nikifika kwenye mswala nahisi umeshatenguka, narudi bombani. Mara sita, mara saba, mpaka ngozi ya mikono ikachubuka. Baadaye yakahamia ndani, ambako mtu hakuoni. Je, nilitia nia? Lile neno baya lililopita kichwani nililikusudia au lilipita tu? Usiku nairudia siku nzima kipande kwa kipande, natafuta nilipokosea, naleta istighfari, naanza tena. Watu wanadhani OCD ni kunawa mikono. Kule kuzungusha mawazo kichwani ili upate uhakika nako ni kunawa, ila hakuna maji.

Bibi alisema ni wasiwasi, nikapelekwa kusomewa. Kisomo sijutii, kilinipa utulivu, lakini jioni ile ile nilikuwa bombani. Kisha tukaenda zahanati moja, nikasikilizwa dakika chache, nikapewa diazepamu na amitriptilini. Nililala kama jiwe. Nikiamka, mawazo yananisubiri pale pale nilipoyaacha. Sikujua wakati ule kwamba diazepamu inatuliza hofu kwa saa kadhaa tu, OCD haiigusi, na ukiizoea kuiacha ni kazi. Amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona, ina kazi zake, lakini ugonjwa huu unataka dawa inayofanya kazi kwa nguvu kwenye serotonini, kemikali ya ubongo. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokwambia ni hili: wewe umeanzia mahali sahihi. Mimi nilizunguka miaka miwili kabla ya kufika kwa daktari wa magonjwa ya akili aliyeniandikia hiyo hiyo fluoksetini.

Nikaiacha kwa sababu niliona haifanyi kitu. Hakuna aliyenieleza mambo mawili ambayo natamani uyashike. Kwa OCD dawa hizi huchukua wiki 8 hadi 12 ndipo uweze kusema imekubali au imekataa. Halafu, dozi. Mtu mwenye sonona mara nyingi miligramu 20 zinamtosha, ila kwa OCD madaktari hupandisha taratibu hadi 40 au 60, wengine hufika 80. Wiki tatu kwenye 20 bado ni mlangoni. Lakini usijipandishie mwenyewe kwa kumeza viwili viwili. Rudi kwa aliyekuandikia.

Nilipoanza upya 2018, wiki mbili za mwanzo zilikuwa mbaya: kichefuchefu, usingizi haba, na hofu ikazidi kabla ya kupungua. Nikahamishiwa kuimeza asubuhi baada ya chai, usingizi ukarudi. Wiki ya tano nikapandishwa 40. Wiki ya saba sikuona chochote nikamlilia mama kwamba nitakufa nayo hii. Wiki ya tisa, siku moja adhuhuri, nilikuwa nakunja mswala ndipo nikashtuka kwamba sikurudi bombani. Wazo lilikuja kama kawaida, likapita, nikaendelea na rakaa. Dawa haikulifuta. Ililipunguza sauti, nami nikapata nafasi ya kutolijibu.

Nafasi hiyo ndiyo uliyoinunua kwa dawa, kwa hiyo itumie. Daktari alinipeleka kwa mtaalamu wa saikolojia ambaye kazi yake ilikuwa kunizoesha kukaa na shaka bila kufanya kile kinachoituliza. Jagi moja la maji, udhu mmoja, kisha swala, hata kama kifua kinagonga. Usiku wazo likija: sirudii, silichunguzi, sileti istighfari ya kulifukuza. Nilimwendea imamu wetu nikiogopa kwamba huko ni kuipuuza dini. Akanikumbusha kanuni ya wanazuoni kwamba yakini haiondolewi na shaka, akaniambia mwenye wasiwasi hatakiwi kurudia. Sijui ningefika wapi bila mzee yule. Dawa na mazoezi haya vilikwenda pamoja, na kwa upande wangu kimoja peke yake kisingetosha.

Sasa, hizo dawa nyingine ulizouliza. Mwaka 2019 niliolewa, tukataka mtoto, daktari akanihamishia sertralini, taratibu, kutoka miligramu 50 hadi 150. Ni ndugu wa fluoksetini, kama zilivyo fluvoksamini, paroksetini na esitalopramu. Kwa wastani hazizidiani nguvu. Moja ikikukataa nyingine yaweza kukukubali. Ila ukifikiria ujauzito sema mapema, maana paroksetini kwa kawaida huepukwa miezi ya mwanzo. Zote zinaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa. Wanawake tunaona haya kulisema hilo, tunaacha dawa kimyakimya. Liseme, linarekebishika.

Klomipramini ni ya zamani zaidi, Marekani iliipitisha kwa OCD mwaka 1989, na ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa ugonjwa huu huu. Ni kali: mdomo kukauka, choo kigumu, usingizi, na moyo hupimwa kwanza. Ndiyo maana kwa kawaida hujaribiwa baada ya hizi nyingine. Dada mmoja niliyekuwa nakutana naye kliniki ndiyo iliyomsimamisha. Mwingine alibaki kwenye dawa yake akaongezewa risperidoni kidogo, dawa inayojulikana zaidi kwa kutibu waliochanganyikiwa akili. Alilia siku ile, akidhani sasa anaitwa kichaa. Sivyo. Dozi ndogo ya dawa ya kundi hilo huongezwa pale ya kwanza ikisaidia nusu nusu.

Jambo ambalo sitaki ulipite haraka: hujasema umri wako, lakini kwa walio chini ya miaka 25, wiki za mwanzo na kila dozi inapobadilishwa kuna hatari ya mawazo ya kujidhuru kuongezeka. Yakikujia, au ukajikuta huwezi kutulia kabisa, mwambie mtu wa nyumbani na mwende hospitali siku hiyo hiyo.

Na kila ukiandikiwa dawa nyingine, hata ya malaria, taja unachomeza. Tramadoli hasa, pamoja na fluoksetini inaweza kuleta degedege. Ramadhani isikutishe, kidonge ni kimoja kwa siku, mimi humeza wakati wa daku. Na siku ukitaka kuacha, usikate ghafla. Niliwahi kuishiwa sertralini safarini siku nne nikapata kizunguzungu na kitu kama shoti ya umeme kichwani.

Ukirudi kliniki usiseme tu "bado". Andika kwenye karatasi umerudia udhu mara ngapi kwa siku, usiku unazungusha mawazo kwa saa ngapi, na dawa imekufanyia nini mwilini. Uliza dozi itapanda lini, na kama kuna mtu wa kukufundisha yale mazoezi. Kisha niandikie walichokujibu.