Simbilisi Wananyonyoka Manyoya: Maswali na Majibu

Dume wangu anajikuna usiku kucha. Manyoya ya mgongoni na mabegani yametoka, ngozi ina magamba ya njano. Jana alianguka akatupa miguu kama mwenye kifafa. (Njombe)

Dalili hizo ni za upele wa utitiri uitwao Trixacarus caviae. Hauonekani kwa macho. Unachimba ndani ya ngozi, na muwasho wake ukizidi, hata kumshika tu kunaweza kumtia degedege. Mpeleke kwa daktari wa mifugo upesi, na njiani umguse kidogo iwezekanavyo.

Dawa inayotumika sana ni ivermektini, na hapa ndipo wengi huua mnyama. Chupa ya ng'ombe ya asilimia 1 ina mg 10 katika kila ml. Simbilisi wa gramu 800, kwa kipimo cha mg 0.4 kwa kilo, anahitaji mg 0.32, yaani ml 0.032. Hata tone moja zima halifiki! Kwa bomba la kawaida hutaweza kupima hivyo, ndiyo maana daktari huizimua kwanza na kumpima mnyama kwenye mizani ya jikoni. Sindano hurudiwa kila baada ya siku 7 hadi 10, mara tatu hivi, kwa kuwa dawa haiui mayai. Tibu wote wa banda hilo, hata wasiojikuna, na kila mara ubadilishe matandiko yote. Oili chafu ya gari na dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake: atajilamba.

Jike wa miaka mitatu ana vipara ubavuni, kulia na kushoto sawasawa. Hajikuni kabisa. (Nairobi)

Kipara cha pande mbili kisicho na muwasho kwa jike aliyevuka miaka miwili humfanya daktari afikirie kwanza vifuko vya maji kwenye ovari. Tazama chuchu: zikiwa nene na zenye ukoko, shaka inazidi. Kipimo ni ultrasaundi. Kumtoa ovari na kizazi ndiyo tiba ya kudumu. Sindano za homoni hupunguza aina fulani za vifuko kwa muda tu. Dawa ya utitiri hapa ni kupoteza pesa.

Ila kama amekaa na dume, mwulize daktari kwanza kuhusu mimba. Jike aliyekaribia kuzaa (mimba huchukua siku 59 hadi 72) hupungukiwa manyoya ubavuni, nayo huota tena akishaachisha watoto.

Vipara vimeanzia puani na kuzunguka macho, vina ukurutu. Sasa mtoto wangu ana duara jekundu mkononi. (Mbeya)

Inaelekea ni choa, yaani ukungu wa ngozi, na mtoto ameambukizwa. Mpeleke zahanati. Kwa simbilisi mwenye doa moja au mawili, krimu ya klotrimazole asilimia 1 hupakwa nyembamba mara mbili kwa siku, mbali na macho. Madoa yakiwa mengi, anahitaji dawa ya kumeza kutoka kwa daktari. Sugua banda kwa sabuni, kisha klorini ya kufulia sehemu 1 kwa maji sehemu 10, likauke juani. Mbao zilizooza zichome tu, ukungu hujificha humo.

Nimeambiwa ni upungufu wa vitamini C. Ni kweli? (Bukavu)

Simbilisi hawezi kujitengenezea vitamini hiyo, kama sisi. Akiikosa, manyoya hukauka na kusimama, viungo huvimba, fizi hutoka damu, naye husita kutembea. Kipara kitupu bila dalili hizo kina sababu nyingine. Hata hivyo mpe mg 10 hadi 30 kwa kilo kila siku. Gramu 15 za pera zinamtosha. Usiitie kwenye maji, huharibika haraka.

Manyoya yamekatika kama kwa mkasi, ngozi ni safi. (Iringa)

Yametafunwa. Mwenzake mbabe ndiye mshukiwa. Lakini akijitafuna mwenyewe sehemu anazofikia kwa mdomo, amechoka kukaa bure au ana maumivu. Watenganishe, na majani makavu yawepo saa zote.

Ana kipara kidogo nyuma ya kila sikio. (Dar es Salaam)

Ndivyo alivyozaliwa. Mwache.