Ujumbe wa kuchinjiwa haujafika: ninyoe au nisubiri?

SWALI: Assalaam alaykum, Ustadh. Mimi na mama tunatoka Tanga, tunakwenda Hijja ya tamattui, yaani umra kwanza kisha Hijja, na mnyama wa kuchinjwa. Pesa ya mnyama tumeshalipia, tumepewa kuponi. Waliotutangulia wanasema siku ya Idi walikaa na ihramu zao (hali na mavazi ya Hijja) Mina hadi usiku wakingoja ujumbe wa simu kwamba wameshachinjiwa. Je, nikishapiga jamarati (nguzo zinazorushiwa vijiwe) naweza kunyoa bila ujumbe huo? Tena tunataka mbuzi achinjwe kwetu Tanga; hukumu yake ni ipi?

JIBU: Waalaykum salaam. Nyoa, ndugu yangu. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, kuchinja si katika mambo yanayomtoa hujaji kwenye ihramu. Yanayomtoa ni matatu: kupiga Jamarati ya Aqaba vijiwe saba, kunyoa au kupunguza nywele, na tawafu ya ifadha (kuizunguka Kaaba baada ya Arafa) pamoja na sai yake (kwenda na kurudi kati ya Safa na Marwa). Ukishatimiza mawili, lolote kati ya hayo, umepata tahaluli ya kwanza, yaani kutoka kwenye ihramu kwa sehemu: unavaa kanzu, unajipaka manukato, unakata kucha. Kinachobaki haramu ni mambo ya mke na mume, nayo ni mpaka ukamilishe la tatu.

Kupiga, kuchinja, kunyoa, kisha kutufu: huo ndio mpangilio wa sunna, maana ndivyo alivyofanya Mtume (s.a.w.) katika Hijja ya kuaga, mwaka wa 10 Hijria. Alichinja ngamia 63 kwa mkono wake, Sayyidna Ali akamalizia hadi 100. Na siku hiyohiyo pale Mina alijiwa na mtu aliyenyoa kabla ya kuchinja, akamjibu: “Chinja, hapana ubaya.” Imo katika Bukhari na Muslim.

Wenzenu huenda walikuwa na kiongozi wa madhehebu ya Hanafi. Kwao mpangilio huo ni wajibu kwa mwenye tamattui, na anayenyoa kabla hajachinjiwa hulazimika kuchinja mnyama mwingine. Wana hoja zao, msibishane hemani. Ila usimkalishe mama na uchovu wake kwa sharti ambalo si la madhehebu yake, hasa ukijua kuwa machinjio ya huko hayamalizi kazi siku moja. Wanyama huendelea kuchinjwa siku za Tashriki (siku tatu baada ya Idi), hadi tarehe 13 Dhulhija. Wako akichinjwa tarehe 12, hakuna kilichoharibika.

Mama hanyoi. Anapunguza tu, ncha za nywele kiasi cha pingili ya kidole. Kwa Shafii hata nywele tatu zinatosha. Anaweza pia kuondoka Muzdalifa baada ya nusu ya usiku akapige kabla msongamano haujaanza, nawe umsindikize. Wewe kwa kinyozi, hakikisha wembe ni mpya na unafunguliwa mbele yako.

Na yule mbuzi mnayetaka achinjwe Tanga ni udhiya (mnyama wa Idi), sunna yenye thawabu zake, lakini hasimami badala ya mnyama wa tamattui. Huyo wa tamattui lazima achinjwe ndani ya Haram, eneo takatifu la Makka. Asiyemudu ndiye anayefunga siku tatu hukohuko Hijja na saba akirudi kwao.