Maji yamepungua, je, kiwanda kimepiga hatua?

SWALI: Kiwanda chetu kina cheti cha ISO 14001, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa mazingira. Ripoti inasema maji yameshuka kutoka mita za ujazo 50,000 hadi 48,000 kwa mwaka. Haya ni maendeleo?

JIBU: Gawanya maji kwa tani zilizozalishwa. Kama mlitoa tani 10,000, kila tani ilitumia mita za ujazo 5. Kama sasa ni tani 8,000, inatumia 6. Hapo mmerudi nyuma, na cheti hakitawaonyesha, kwani kinahusu mfumo wa usimamizi, si kiwango cha maji.

Fungeni dira za maji kwenye kila sehemu, hasa ya kuoshea na ya boila. Zisomeni usiku mitambo ikiwa imezimwa na matangi yamejaa: namba zikiendelea kusogea, kuna bomba au vali inayovuja.