Kutafuta kazi ya mapokezi bila uzoefu

Dada yangu, umeuliza uanzie wapi kutafuta kazi ya mapokezi au ukarani hapa Nairobi ukiwa na cheti cha kidato cha nne pekee. Anza na zahanati, shule za binafsi na ofisi za mawakili zilizo karibu na unapoishi, kwa kuwa huko barua yako mara nyingi husomwa na mwenye ofisi mwenyewe, na nauli haitakumalizia mshahara.

Usaili wa kazi hii huanza mlangoni. Niliwahi kuwa upande wa wanaoajiri, nikamwona binti mmoja, kabla hajaitwa ndani, akimsogezea kiti mzee aliyeingia na kumuuliza kwa upole shida yake, ndiye tuliyemchukua.

Usikimbilie kulipia cheti cha mwenendo mwema, maana marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022 yanamruhusu mwajiri kudai vyeti vya namna hiyo pale tu anapokusudia kukupa mkataba wa maandishi. Fedha hizo, nakusihi, zitumie kujifunza kompyuta, hasa Excel na kuandika barua rasmi. Na yeyote anayekudai ada ili akupe kazi, mwache hapo hapo.