Tafuta bendi kwanza, majina yatakuja yenyewe

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: ni albamu ipi mpya ya jazz ambayo mtu asiikose, na kwa nini hiyo? Mi sizunguki, najibu moja kwa moja: The Way Out of Easy, ya mpiga gitaa Jeff Parker na wenzake watatu wanaojiita ETA IVtet, imetoka Novemba 2024 kwenye lebo ya International Anthem. Vipande vinne tu, na jumla yake ni kama saa moja na dakika ishirini hivi, kwa hiyo ndiyo, kuna kipande pale kinapita dakika 20 na hamna mtu anayeimba. Usikimbie kwanza.

Hawa jamaa wanne (Parker gitaa, Josh Johnson saksofoni, Anna Butterss besi, Jay Bellerose drams) walikuwa wanapiga kwenye kibaa kidogo cha Los Angeles kinaitwa ETA, Jumatatu, miaka na miaka, tangu 2016 mpaka baa ikafungwa mwishoni mwa 2023. Yani hapo hakuna tamasha, hakuna jukwaa kubwa, ni baa, watu wana vinywaji vyao, na bendi iko pembeni inafanya yake. Albamu nzima ni usiku mmoja tu, tarehe 2 Januari 2023, amerekodi Bryce Gonzales. Na ukisikiliza utaona kitu ambacho huwezi kukinunua studio hata uwe na hela kiasi gani, hawa watu hawana haraka. Freakadelic, kile kipande cha kwanza, ni utunzi wa zamani wa Parker, alishawahi kuurekodi huko nyuma na bendi nyingine, ila hapa wanaushika mdundo mmoja wanakaa nao, wanakaa, wanakaa, besi inarudia kitu kilekile mpaka unajiuliza hivi hawa wamelala au vipi, halafu Bellerose anabadilisha kidogo tu pale kwenye drams, kitu kidogo sana, na ghafla wimbo wote umehama umeenda sehemu nyingine na wote wanne wameshafika huko kabla hujajua kuna safari. Ni kama watu wa nyumba moja, mmoja akianza sentensi mwenzie anaimalizia bila kumwangalia. Johnson naye saksofoni yake anaipitisha kwenye vifaa vya kubadilisha sauti, kuna mahali utadhani ni kinanda au ni saksofoni tatu, kumbe ni yeye peke yake. Kipande cha mwisho, Chrome Dome, kinaanza na saksofoni iko yenyewe halafu taratibu kinageuka mdundo wa dub kabisa (ile reggae ya besi nzito na mwangwi), na hapo ndo mtu ambaye alikuwa anasema jazz haieleweki anaanza kutikisa kichwa.

Sasa kwa nini hiyo na sio nyingine, maana albamu nzuri zipo nyingi tu. Kwa sababu nina kipimo changu (je, wapigaji wanasikilizana?) na ndicho kinachonifanya niandike jibu refu hivi, mnisamehe wahariri. Siku hizi albamu ya jazz ikitoka, kitu cha kwanza kinachotangazwa ni kolabo. Fulani kamshirikisha fulani, wimbo wa tatu kuna rapa, wa tano kuna mwimbaji wa soul, wa saba kuna mpiga filimbi maarufu. Orodha ndefu. Na mimi nikiona orodha ndefu naanza kupata mashaka, kwa sababu jazz kwa asili yake ni watu kusikilizana, na mgeni aliyetuma kipande chake kwa intaneti anamsikiliza nani? Chukua Fearless Movement ya mpiga saksofoni Kamasi Washington, ya 2024. Kamasi ni mkubwa, hilo sibishi, The Epic yake ya 2015 yenye karibu saa tatu iliwaleta vijana wengi sana kwenye huu muziki na mpaka leo inasikilizika. Fearless Movement ina George Clinton yule mkongwe wa funk, ina André 3000 na filimbi yake, ina rapa, ina mambo. Na bado kwangu mimi ile albamu inawaka kwelikweli mwishoni, kwenye Prologue, utunzi wa Astor Piazzolla wa Argentina, pale ambapo bendi yenyewe inaachiwa ikimbie na Kamasi anapuliza kama mtu aliyezuiwa kuongea wiki nzima. Dakika zile wala hukumbuki kuna mgeni alialikwa.

Halafu ona Samara Joy alivyofanya. Huyu binti alichukua Grammy ya msanii mpya bora 2023, mwimbaji wa jazz kabisa anaibeba ile tuzo mbele ya watu wa pop, sio kitu cha kila mwaka. Angeweza kumwita yeyote duniani kwenye albamu iliyofuata. Yeye kaenda kurekodi Portrait (Oktoba 2024) na bendi yake ileile anayozunguka nayo kwenye shoo, jumla wako wanane ukimhesabu, na kina nani waliopanga muziki? Haohao wapigaji wake. Sikiliza Reincarnation of a Lovebird, utunzi wa Charles Mingus ambao Samara kauandikia maneno, anaanza peke yake bila chombo hata kimoja, na kama umeshawahi kujaribu kuimba bila chombo unajua hapo hakuna pa kujificha, halafu vile vyombo vinaingia nyuma yake na kila mmoja anajua mahali pa kukaa. Wanaosema anaimba kama wa zamani tu, kwamba hajaleta jipya, nadhani wamesikiliza ile sauti wakasahau kusikiliza wanaompigia.

Mtu ataniuliza, na Shabaka je, yule mpuliza saksofoni wa Uingereza? Maana Perceive Its Beauty, Acknowledge Its Grace (Aprili 2024, lebo ya Impulse!) imejaa wageni kuliko zote: Esperanza Spalding, Brandee Younger, Jason Moran, Floating Points, André 3000 tena, Saul Williams, nk nk. Na mimi naipenda sana. Lakini angalia ilivyofanyika. Shabaka aliwaita watu wakakaa chumba kimoja, studio ya Van Gelder kule New Jersey, palepale John Coltrane aliporekodi albamu yake A Love Supreme mwaka 1964, wakapiga bila hedifoni na bila kutenganishwa kwa vile vizuizi vya studio. Kwa hiyo ukipiga kwa nguvu unamfunika mwenzako, inabidi upunguze, inabidi usikilize. Na huyu ni jamaa ambaye miaka yote tulimjua kwa saksofoni ya kutoboa paa, kwenye bendi kama Sons of Kemet na The Comet Is Coming, kelele tamu kabisa, akaamua anaiweka chini mwisho wa 2023 na kushika filimbi, hasa ile ya Kijapani ya mwanzi inaitwa shakuhachi. Watu walilalamika. Mi naona kama angebaki na saksofoni tungepata albamu nzuri nyingine ya aina ileile, sasa tumepata hii ambayo inabidi uisogelee kuisikia.

Ila nisijifanye kipimo changu hakina matundu. Tundu kubwa kuliko yote ni Promises, ya Floating Points (mtu wa muziki wa elektroniki) na Pharoah Sanders na London Symphony Orchestra, ya 2021. Hiyo nyuzi za orkestra zilirekodiwa London na Sanders saksofoni yake alishairekodi kabla, upande mwingine wa dunia. Chumba kimoja hakuna. Na bado ile kitu ni ya ajabu, sehemu tisa, kuna kijisauti kidogo cha noti chache kinajirudia mwanzo mpaka karibu mwisho, na mzee Sanders juu yake anapuliza polepole kama anaomba dua, kuna mahali anaacha kabisa saksofoni anatoa sauti ya mdomo tu. Alifariki Septemba 2022, ana miaka 81. Kwa hiyo siwezi kusema lazima wawe chumba kimoja. Nachosema ni kwamba Floating Points aliacha nafasi, hakujaza, alimsubiri mzee.

Na kuna ya pili, hii inachekesha zaidi. Butterss na Johnson, wale wale wa bendi ya Parker, wana kundi lingine linaitwa SML na albamu yao ya kwanza Small Medium Large (2024) imetokana na rekodi za laivu za palepale ETA, baa ileile! Lakini hawa wakachukua zile rekodi wakazikata, wakaziunga, wakaongeza, mpaka zikawa vipande vifupi vyenye biti za kuchezeka. Baa moja, wapigaji haohao wawili, njia zimepishana kabisa. Mtu asiye na subira ya Freakadelic aanze na SML, sitamcheka.

Kwa haraka haraka wengine. Nduduzo Makhathini wa Afrika Kusini, uNomkhubulwane (Juni 2024, lebo ya Blue Note), watatu tu, piano, besi ya Zwelakhe-Duma Bell le Pere na drams za Francisco Mela ambaye ni Mcuba, imepangwa kwa sehemu tatu na jina ni la mungu wa kike wa Wazulu, mwenye mvua na rutuba. Makhathini ni mganga pia na anapiga piano kama mtu aliye kazini kwenye ile kazi nyingine. Immanuel Wilkins, mpiga saksofoni, Blues Blood, Oktoba 2024, kaongeza waimbaji ila kiini ni kwarteti yake, piano na drams ni walewale wa tangu albamu ya kwanza, na ndo maana inasimama. Vijay Iyer na Linda May Han Oh na Tyshawn Sorey (piano, besi, drams), Compassion, hii ni ya wale ambao tayari wamezoea, usimpe mtu kama ya kwanza, utampoteza.

Na wale wa kucheza? Ezra Collective bila kufikiria mara mbili. Watu watano, wengi wao walikutana wakiwa wadogo kwenye Tomorrow's Warriors, ule mpango wa kufundisha vijana jazz kule London, na 2023 wakawa bendi ya kwanza ya jazz kushinda tuzo ya Mercury Prize ya Uingereza, na ile albamu Where I'm Meant to Be. Iliyofuata, Dance, No One's Watching (Septemba 2024), waliirekodi studio ya Abbey Road wakiwa na marafiki na ndugu zao ndani, na inasikika, kuna joto fulani mle. Femi Koleoso kwenye drams na mdogo wake TJ kwenye besi, hao ndugu wawili ukiwatoa hakuna bendi. Kuna wasomi wa jazz wanawaona wepesi wepesi. Sawa, lakini hata Duke Ellington, mkubwa wa jazz ya zamani, alipigia watu wacheze, tusisahau.

Kitu kingine, namna ya kusikiliza, maana naona wengi wanaikosea albamu kabla hawajaisikia. Usiruhusu simu ichanganye mpangilio wa nyimbo. Endlessness ya Nala Sinephro, anayepiga kinubi na sinthesaiza, ina vipande kumi vinaitwa Continuum 1 mpaka 10 na vyote vimeunganishwa na mkondo mmoja wa noti unaopanda na kushuka bila kukoma, sasa ukianza na cha saba halafu cha pili halafu tangazo la biashara, unasikiliza nini hapo? Robo tatu ya saa tu, iache ipite yote. Na ukiona umepotea kwenye albamu yoyote ya jazz, acha kumfuata anayepuliza, mfuate mpiga besi. Solo zinakimbia zinarudi, besi ndo inakwambia mko wapi.

Nimebakiza moja ambayo sijui kama mtaikubali kuwa "mpya". Forces of Nature: Live at Slugs', imetoka Novemba 2024 lakini imerekodiwa 1966 kwenye klabu ya Slugs' New York. Joe Henderson saksofoni, McCoy Tyner piano, Henry Grimes besi, Jack DeJohnette drams, na kanda ilikuwa kwake DeJohnette muda wote huo, miaka karibu sitini imekaa tu nyumbani. Mi kwa kawaida hizi kanda za kufukuliwa nazishuku kidogo, lebo zinazipenda kwa sababu marehemu hawadai kurudia na majina yanajiuza, na nyingine kwa kweli zilipaswa kubaki kabatini. Hii hapana. Henderson na Tyner kila mtu anawajua kwa zile albamu za Blue Note zilizopangwa vizuri, dakika saba, dakika tisa, kila mtu zamu yake. Hapa In 'N Out inapita dakika 20 na hamna anayeonyesha dalili ya kuchoka, Tyner mkono wa kushoto anaupiga kama ana ugomvi na ile piano, na DeJohnette ana miaka ishirini na kitu tu, anawasukuma wakubwa zake bila aibu. Naye kafariki Oktoba 2025, hata mwaka haujaisha tangu kanda yake itoke. Ipigeni kwenye spika za maana, mchana, wakati jirani hayupo.