Bega la mtoto na haraka ya kocha

Mwanangu mpendwa,

Huku Nakuru sote wazima, ila mvua imekawia. Barua yako nimeisoma. Unauliza kama mjukuu wangu aache shule ana miaka 13, asomee nyumbani, ili kocha wake hapo Kisumu amnoe awahi tenisi ya kulipwa. Umeniuliza mimi kwa kuwa nimezeeka nikifunga nyuzi za raketi klabuni. Mimi nasema asitoke shuleni.

Kocha kakutajia Andrea Jaeger wa Chicago, aliyeanza kulipwa mwaka 1980 akiwa na miaka 14. Ni kweli. Mwaka uliofuata akawa wa pili duniani, akafika fainali ya Ufaransa 1982 na ya Wimbledon 1983, zote akafungwa na Martina Navratilova. Kocha kaishia hapo, maana yanayofuata hayamfai. Mwaka 1984 bega liliharibika, na hata miaka 20 hajafikisha, uchezaji wake wa juu ukawa umekwisha. Bega lilipasuliwa, na si mara moja.

Anayetazama sevu, ule mpigo wa kuanzisha mchezo, huona mkono tu. Nguvu hutoka miguuni, hupanda kiunoni, na mpira ukishaondoka ni bega linalopaswa kuuzuia mkono usiende nao. La mtoto anayerefuka halijakomaa kwa kazi hiyo kila jioni. Pasaka alipokuja nilimtazama akimaliza kikapu cha mipira: kiwiko kilikuwa kinashuka, na chupa ya maji aliifungua kwa meno, mkono wa kulia umening'inia ubavuni. Nikamuuliza, akasema haumwi. Mjukuu wangu huyo ni mkaidi kama wewe.

Tena hiyo haraka ni ya kwenda wapi? Mmarekani Jennifer Capriati aliingia tenisi ya kulipwa 1990 hata miaka 14 hajatimiza, akachukua dhahabu ya Olimpiki Barcelona 1992, na mwaka uliofuata akaweka raketi chini kwa muda mrefu. Tangu 1995 WTA, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanawake, kina sheria: chini ya miaka 14 huchezi mashindano yao, na kuanzia hapo hadi 17 unapimiwa mangapi ucheze kwa mwaka. Angella Okutoyi wetu alichukua Wimbledon ya wasichana, wawili wawili, mwaka 2022 akiwa na miaka 18, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, akawa anasoma huku anacheza. Kocha angekutajia huyo kwanza.

Usimvunjie heshima lakini, mtoto anampenda. Mwombe tu akuandikie kila wiki sevu ngapi zimepigwa na siku zipi za kupumzika. Akikataa kuandika, nipigie simu niongee naye mimi.

Likizo ya Agosti mlete na raketi zake zote mbili. Hizo nyuzi za poliesta alizofungiwa zimekazwa kama za mtu mzima. Nitazikata nimfungie laini.

Baba yako